Irudisheni "Nimefika Hapa" ya Mwanangu

Mwanangu amesomwa na watu elfu nne kwa asubuhi moja, kwenye skrini arobaini na moja, na Alhamisi hii saa nne ninyi mnataka kukaa kikao cha kumwachisha kazi.

Nimeona nianze na hilo ili barua hii usije ukaiweka chini ya nyingine. Sasa salamu.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni inayotengeneza mifumo ya foleni za zahanati,

Habari za kazi, habari za nyumbani, na hongera kwa jengo. Mimi ni mzazi, upande wa mama na kwa sasa pande zote mbili, wa binti wa meza ya tatu ofisini kwenu, yule mrefu mwenye sauti ndogo. Kwa kazi ni msusi. Elimu yangu ni darasa la saba, na nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, basi tuyaache hayo. Binti yangu alishika pale nilipoachia akapita mbali sana: anaandika programu za kompyuta. Kama hujapata kuwa na mtoto anayeandika programu, pole. Mimi sasa nimezoea, ila miezi ya mwanzo nilikuwa nawaambia hata watu waliosimama mlangoni kuuliza njia.

Naandika kuhusu barua yenu ya onyo, ile ya aya mbili, inayosema "imeonekana" mwanangu aliacha mistari ya majaribio ndani ya programu iliyokwenda kwa wateja. Kwa kuwa barua hii nimeitolea nakala na wako watakaosomewa, nieleze kama nilivyoelezwa. Programu ni maagizo yanayoandikwa mstari kwa mstari, na kompyuta inayafuata. Wakati mwingine inakwama njiani na haisemi imekwamia wapi. Hapo mwandishi anachomeka mistari midogo ya kuilazimisha iseme: NIMEFIKA DIRISHANI. NIMEFIKA KWENYE FOLENI. NIMEBEBA HIKI, kisha inataja ilichobeba. Programu ikishapona, mistari hiyo inatakiwa iondolewe kabla kazi haijapelekwa kwa mteja. Mwanangu hakuiondoa. Jumatatu ya wiki iliyopita programu ikaingia zahanati kumi na saba ikiwa bado inaongea, na mpaka mlipoinyamazisha saa sita mchana, kila mgonjwa aliyeandikishwa alitangazwa kwenye skrini ya ukumbini kwa herufi kubwa: mwanamke au mwanaume, umri, na kilichomleta.

Hilo ndilo mnaloliita kosa, na kwa ajili ya hilo kikao cha Alhamisi kitaamua kama mwanangu anathibitishwa kazini au anafungasha. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmetukana malezi yangu. Mwanangu alipokuwa na miaka sita, mikono yangu ilikuwa kwenye vichwa vya watu tangu asubuhi. Msusi aliyefika katikati ya kichwa hawezi kuacha akatoke nje kuchungulia mtoto. Kwa hiyo nilimfundisha kupaza sauti. Nikimtuma bombani, njia nzima anatangaza: Mama, nimefika kwenye ukuta. Mama, nimefika bombani. Mama, nimebeba ndoo ndogo. Mama, narudi. Mimi huku nasuka, masikio yanamfuata. Mtaa mzima ulijua mwanangu yuko wapi, na miaka yote hiyo hakupotea hata siku moja, ilhali watoto wa jirani yangu, walioachwa waende kimya kimya, wawili walitafutwa kwa gari la matangazo. Leo ni mtu mzima, anaituma kompyuta kazi, na anaifundisha iseme imefika wapi. Mambo hayo hakuyapata chuoni. Chuoni walimpa mengine.

Halafu Mkuu wa Kitengo chenu, ambaye sisi nyumbani tunamwita Bwana Futa kwa sababu neno lake ni hilo moja, anasimama mbele ya watu wazima wenzake na kusema mistari ile ni takataka. Mheshimiwa, takataka hiyo ndiyo iliyomleta mwanangu nyumbani salama na ndoo mkononi.

2. Mnasema siri za wagonjwa zimetoka. Zimetoka, sikatai. Nimefanya uchunguzi wangu mwenyewe mahali ambapo ninyi hamfiki, yaani saluni, ambako mtu hukaa saa tano kichwa kimeinama na hana budi kusema kitu. Nimegundua yafuatayo.

Kuna mwalimu wa hesabu alikaribishwa kiti ukumbini mara tatu akakataa mara tatu. Watu wakamwona mwenye maringo, hasa kwa vile alikuwa amevaa tai. Mara skrini ikatangaza: NIMEBEBA HIKI: MWANAUME, 38, JIPU, KALIO LA KUSHOTO. Maringo yakaisha hapo hapo, watu wakamsogezea nafasi nzuri ya kusimama. Nani kaumia? Mwalimu anasema ni yeye, eti ukumbi ulikuwa umejaa wazazi wa wanafunzi wake. Mimi nasema mwalimu anayejiheshimu hapati jipu wakati wa mitihani.

Halafu kuna mume wa mteja wangu mmoja. Mwanangu akichoshwa na programu huichomekea mstari wa kuikaripia, na mmojawapo ulisema MBONA HUFANYI KAZI WEWE. Ukatokea wakati bwana huyo ameinua macho atafute namba yake. Huu ni mwaka wake wa tatu kwenye kochi. Mkewe ameongea mpaka sauti imekwaruza, wakwe wamekaa vikao viwili, hakuinuka. Skrini ya mwanangu ilimwambia mara moja tu, na Jumatano akaanza ulinzi kwenye ghala la mbao. Nionyesheni barua yenu moja ya onyo iliyowahi kumtoa mtu kwenye kochi.

Mwanangu mwenyewe hayasikii haya. Yeye ameshikilia habari ya msichana mmoja, aliyosimuliwa na muuguzi: kwamba msichana huyo alisoma mstari wake juu ya ukuta, akajifunika mtandio usoni, akatoka, na mpaka leo hajarudi kuchukua dawa. Tangu aambiwe hivyo mwanangu anakula kama mtu anayeonja chumvi. Nilimwambia labda msichana alikumbuka ameacha jiko linawaka. Akanitazama, akarudi kwenye kompyuta yake. Niliona hata kujibu mama mmemwachisha.

3. Mnao utaratibu mzuri sana ambao hakuna anayeufuata. Kazi ya mtu haitoki mpaka mwenzake aipitie mstari kwa mstari na kuikubali. Kazi ya mwanangu alipewa yule kaka wa meza ya dirishani. Mistari mia tisa aliipitia kwa muda wa kumenya karanga kumi, akabonyeza pa kukubali, na juu yake akaandika "safi sana". Humo ndani mistari mia mbili na kumi na miwili ilikuwa inapiga kelele NIMEFIKA, NIMEFIKA, NIMEBEBA. Mtu anapita barabarani, watu mia mbili na kumi na wawili wanamwita kwa pamoja, na hageuki, kisha ninyi mnamweka huyo ndiye mtazamaji. Barua ya onyo hakupata. Nasikia alichopata ni kiti kipya, cha kuzunguka.

4. Baada ya hapo Bwana Futa akaagiza itengenezwe mashine ya ukaguzi, yaani programu nyingine inayokaa mlangoni na kunusa kazi za wote. Ikikuta mstari wa majaribio umesahaulika, inairudisha kazi nzima na alama nyekundu, hata kama mwenyewe amekaa juma zima akiifanya. Haina haya, haina salamu, haiulizi mtu kalala vipi. Na nani akaambiwa aitengeneze? Mwanangu. Mmempa mtoto kisu akate ulimi wake mwenyewe, na kwa kuwa nimemlea kumaliza kazi, aliitengeneza kwa siku mbili, na leo ndicho kitu pekee humo ndani kinachofanya kazi inavyopasa. Siku ya tatu ikamrudishia kazi ya kwake. Nilikuwa nimekaa pembeni nachambua nywele za bandia, nikamwona anacheka peke yake. Nikamuuliza kuna nini.

"Imenikamata, Mama," akasema, na alikuwa amefurahi kweli kweli.

Hapo ndipo nilipojua mmeshamharibu.

5. Jengo lenu lote ni bubu. Ijumaa nilimletea mwanangu chakula cha mchana, ghorofa ya nne. Lifti ikakwama. Tulikuwamo mimi na sufuria yangu, dada wa mapokezi, na mzee wa mafaili. Taa inawaka, mlango umefungwa, hakuna anayejua kama tuko ya pili au ya tatu. Kwa dakika ishirini tuliutazama ule mlango kama watu wanaosubiri uombe radhi. Mzee wa mafaili alisema kwa utaratibu wa kawaida inachukua nusu saa, akafungua gazeti lake, nikafahamu amekwama humo mara nyingi kuliko alivyopanda. Kama lifti hiyo ingeandikwa na mwanangu kabla hamjamziba mdomo, ingesema: NIMEFIKA KATIKATI. NIMEKWAMA. NIMEBEBA HIKI: WATU WATATU NA CHAKULA KINAPOA. Mafundi wangekuja wakijua wanakokwenda, na mwanangu asingekula baridi.

6. Na wewe, Mheshimiwa. Umeandika "imeonekana". Imeonekana na nani? Alikuwa wapi? Alikuwa amebeba nini? Mistari ya mwanangu ina adabu ya kujitaja.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo, na naomba nikiwa nimesimama wima.

Kwanza, mistari yote mia mbili na kumi na miwili irudishwe kwenye skrini zote arobaini na moja kabla ya Alhamisi saa nne. Pili, isiishie kwenye foleni tu. Iingie maabara, iingie wodini, iingie na chumba cha sindano, ili aliyekaa nje ajue sindano imefika wapi na imebaki kiasi gani. Tatu, Bwana Futa avalishwe skrini ndogo kifuani iwe inatangaza amefika wapi na kazi yake na amebeba nini, maana mwanangu amekaa naye mwaka mzima na jambo hilo halijafahamika. Nne, kwa kuwa baada ya siku mbili za kuvaa skrini hiyo Bwana Futa ataomba kupumzika mwenyewe, nafasi yake apewe mwanangu. Tano, kile kiti cha kuzunguka cha yule kaka wa karanga kiletwe saluni kwangu. Wateja wanalalamika migongo, na wao angalau wakikaa wanatazama kinachofanyika.

Nisalimie mkeo na watoto. Nisalimie mlinzi wa getini aliyenishikia sufuria nikitafuta kitambulisho, na dada wa mapokezi, ambaye kichwa chake kila mgeni wenu hukisifia na yeye hasemi kimesukwa na nani, mkumbushe. Mzee wa mafaili naye, na mafundi wa lifti wakishafika. Wafagizi wote. Bwana Futa nisalimie pia, ila kwa ufupi.

Ni mimi, mwenye heshima zangu zote na hasira yangu yote,

Mama mzazi wa Binti wa Meza ya Tatu
Msusi, saluni yenye mlango wa bluu

Nakala: Bwana Futa mwenyewe, Mganga Mkuu wa zahanati ya mtaani kwetu, Mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama, ukuta wa saluni, karibu na kioo.

Nyongeza, Jumanne mchana

Mheshimiwa, nakala zilishasambaa jana kabla sijaandika hii. Hii nyongeza ni yako peke yako, na ukimaliza kuisoma uichane.

Leo asubuhi, kabla ya kukuletea barua, nilipitia zahanati. Nilikwenda kwa shida yangu mwenyewe, ambayo nimekuwa nikiiahirisha. Nikafika dirishani kwa mwandikishaji, na nyuma yangu nani kaja kusimama? Mwenyekiti wa chama chetu, yule aliyemo kwenye nakala. Mwenyekiti huyo huniita mdogo wake mbele ya watu, na miaka yote mimi nimemwacha aendelee.

Mwandikishaji akaniuliza mwaka wa kuzaliwa. Nikautaja ule wa kweli, ambao hata marehemu baba yake mtoto alizikwa hajaujua. Akaniuliza kilichonileta. Nikainama mpaka paji la uso likagusa kioo, nikasema kwa kunong'ona kwamba nikicheka sana mkojo hunitoka kidogo. Ilianza siku nilipomzaa huyu huyu mnayetaka kumjadili. Alikuja na kichwa kikubwa, cha akili. Na kazi yangu, Mheshimiwa, ni ya kucheka na watu kutwa nzima. Siku hizi mteja akianza hadithi tamu huwa najifanya nimeungua na maji ya moto, natoka nje. Mwandikishaji akachapa yote, neno kwa neno. Ndipo nikaikumbuka skrini.

Ilikuwa juu ya kichwa changu, na Mwenyekiti alikuwa ameshainua macho. Skrini ikakaa kidogo, kama mtu anayekohoa kabla ya kusema. Sijui mtandio wangu niliushika saa ngapi, ila nilijikuta nimeshajifunika nusu ya uso na mguu mmoja umeelekea mlangoni.

Ikatokea namba. Arobaini na saba. Nyeupe, peke yake, haina neno kushoto wala kulia.

Mwenyekiti akaniuliza nasumbuliwa na nini. Nikamwambia jino. Akasema pole mdogo wangu, nikasema ahsante dada.

Nilikaa kwenye benchi nikaitazama ile namba mpaka ikaitwa. Waliokuwa ukumbini waliona namba tu, tena wengine hata hawakuiona. Mimi niliona siku tatu ambazo mwanangu alikaa akiitoa ile mistari mmoja mmoja, akirudi mwanzo kila akimaliza, chakula kinapoa pembeni, mimi namwambia kwa nini unajisumbua, na yeye anaendelea kutoa. Niliona na ile mashine yake, aliyoiweka mlangoni ili hata siku atakayochoka yeye mwenyewe akasahau, neno la mtu lisipite. Watu hamsini ukumbini, kila mmoja na lake, na hakuna aliyejua la mwenzake. Nimemsomesha mtoto mpaka akaweza kuandika kitu kisichosomeka na mtu yeyote. Nilitaka nisimame niwaambie wote pale kwamba ni kazi ya mwanangu, lakini ningeulizwa nimejuaje, na jino halielezi hayo.

Daktari amenipa mazoezi ya kufanya nikiwa nimekaa, anasema baada ya miezi mitatu nitacheka bila wasiwasi. Muuguzi nimemwachia ujumbe: yule msichana akipatikana aambiwe skrini sasa inasema namba tu, aje, mimi mwenyewe nitamsindikiza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, maombi ya kwanza, ya pili na ya tatu nimeyafuta. La nne liahirishe. Bwana Futa abaki kwanza, na salamu zangu kwake uzirefushe. La tano libaki kama lilivyo. Alhamisi mkikaa, mtamuuliza mwanangu kwa nini alisahau, na atawaambia kwamba kosa ni lake, kwa sababu ndivyo alivyo. Akishasema, nendeni ninyi wenyewe mkaandikishwe dirishani kwa shida mlizonazo, kisha mtazame juu. Mkishatazama, mthibitisheni.

Ukumbi wa sherehe ya kuthibitishwa kwake ni hapa hapa saluni, na watu nimeshawaalika tangu wiki iliyopita, maana sikupenda kuwakurupusha. Chama kizima kinakuja, Mwenyekiti ndiye msemaji mkuu, na ameshaanza kuandika hotuba kuhusu zile skrini zilizoongea. Nitamweleza kwa utaratibu kwamba imebadilika. Ninyi ofisi yote mnakaribishwa, kuanzia mlinzi mpaka wewe, na yule kaka aje na karanga zake. Ni Jumamosi hii, saa nane mchana.